Nyerere: Mwalimu aliyewaingiza wazee darasani

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, kisha akaenda kusoma Edinburgh. Aliporudi alifundisha Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha kazi hiyo ili kuiongoza TANU. Hata alipokuwa Rais, watu waliendelea kumwita Mwalimu.

Aliamini nchi changa haiwezi kusubiri watoto wakue. Wazazi wao ndio wanaolima na kuamua leo. Hivyo mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya: wanavijiji walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, wakachimba vyoo. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10.

Kwa wakimbizi wa 1972 alifungua milango, na mwaka 1983 akapewa nishani ya Nansen. Mwaka 1998 aliongoza mazungumzo ya usuluhishi wa Warundi kule Arusha. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kabla mkataba haujatiwa saini mwaka 2000 chini ya Nelson Mandela.

Hapa Rumonge, mzee aliyerudi akakuta shamba lake la michikichi lina mwenyeji mwingine huletewa karatasi za mapatano. Asiyejua kusoma huweka dole gumba tu. Kumfundisha mzee huyo ndiyo kazi aliyotuachia Mwalimu.