Robert Owen: Tajiri aliyelipa mishahara mashine zikiwa zimesimama

Wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni tulianza maisha kwa kuuza vitu vidogo vidogo mpakani. Leo wapo wenye maduka, maghala na hata magari, na kila mmoja ana vijana wawili watatu aliowaajiri. Kuuza wanajua, lakini kuongoza watu ni somo jingine. Ndiyo maana leo nimechagua kusimulia maisha ya Robert Owen.

Owen alizaliwa tarehe 14 Mei 1771 katika mji mdogo wa Newtown, Wales. Akiwa na umri wa miaka 10 tu aliondoka nyumbani kwenda Stamford, Uingereza, kujifunza kazi katika duka la vitambaa. Baadaye alihamia Manchester, wakati mashine za kusokota pamba zilipokuwa zinaenea kwa kasi. Watu waliozoea kusokota na kufuma nyumbani, kila mmoja kwa saa zake, sasa walitakiwa kufuata kengele ya kiwanda. Hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kuongoza kazi ya namna hiyo.

Akiwa na miaka kama 20, Owen alipewa usimamizi wa kiwanda chenye wafanyakazi wapatao 500. Kwa wiki sita za kwanza hakutoa amri kubwa. Alifika wa kwanza asubuhi, akaondoka wa mwisho jioni, akichunguza kila kitu na kujibu ndiyo au hapana tu. Alijifunza kwanza, kisha akaongoza.

Mwaka 1799 yeye na washirika wake walinunua viwanda vya New Lanark, Uskoti, kwa pauni 60,000, na mwaka huohuo akamwoa Caroline, binti wa mwenye mali, David Dale. Alipoanza kazi Januari 1800 alikuta watu wapatao 2,000, wakiwamo watoto kama 500 waliotolewa katika nyumba za mafukara. Wizi na ulevi vilikuwa vimezoeleka, na wafanyakazi hawakumwamini mgeni huyo.

Owen aliacha kupokea watoto wa mafukara, na wenye umri chini ya miaka 10 hawakuajiriwa tena. Alifungua duka, akanunua bidhaa nzuri kwa jumla na kuziuza kwa bei nafuu. Badala ya viboko na matusi, kila mfanyakazi alitundikiwa kipande cha mti chenye rangi nne: nyeusi kwa kazi mbaya, buluu kwa ya wastani, njano kwa nzuri na nyeupe kwa bora kabisa. Aliyeona ameonewa aliruhusiwa kumlalamikia Owen mwenyewe.

Hata hivyo, imani ya watu ilikuja kwa jambo jingine. Kabla ya mwaka 1810, Marekani ilizuia bidhaa zake kwenda nje, na bei ya pamba ikapanda mno. Owen alisimamisha mashine kwa miezi minne, lakini aliwalipa watu wote mishahara kamili, zaidi ya pauni 7,000, kazi yao ikiwa ni kusafisha mashine tu. Baada ya hapo hakuna aliyemwita mgeni.

Washirika wake walinung'unika kwamba anatapanya faida. Mwishoni mwa mwaka 1813 viwanda vilipigwa mnada, naye akavinunua tena pamoja na washirika wapya waliokubali kupata asilimia 5 ya mtaji wao kwa mwaka. Mwaka 1816 alifungua shule iliyopokea hata watoto wadogo waliojua kutembea tu. Walifundishwa kwa picha, nyimbo na ngoma, bila kupigwa. Mimi niliyesoma uhamishoni, mahali ambapo fimbo ilitangulia chaki, sura hiyo ya maisha yake ndiyo inayonigusa zaidi.

Si kila alichogusa kilistawi. Kijiji cha New Harmony alichokianzisha Marekani mwaka 1825 kilivunjika ndani ya miaka miwili au mitatu na kula sehemu kubwa ya utajiri wake. Wakosoaji wake walisema aliwatawala watu kama baba na watoto, nami naona walikuwa na hoja. Lakini wafumaji wa Rochdale walioanzisha duka la ushirika mwaka 1844 walikuwa wamejifunza kwake. Owen alifariki Newtown tarehe 17 Novemba 1858. Mwaka 2001, UNESCO iliiweka New Lanark katika Urithi wa Dunia.

Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka yetu kwa wasafiri, vijana wengi wa dukani na wabeba mizigo waliambiwa waende nyumbani, basi. Si kila mfanyabiashara ana pauni 7,000 za kuwalipa watu wasio na kazi. Lakini kuweka akiba kidogo kwa ajili yao siku biashara inapokwenda vizuri, na kuwaeleza ukweli siku inaposimama, hilo halihitaji utajiri wa Owen. Mpaka ukifunguliwa, tajiri wa namna hiyo hatafuti watu wapya wa kuwafundisha kazi upya. Watu wake watamrudia.