Moyo wa Mzee Kenyatta uliofanywa siri ya dola

ANAYETOKA Ndia Kuu, akaipita Ngome ya Yesu na kushika njia ya Kizingo, hachukui muda mrefu kufika kwenye lango la Ikulu ya Mombasa. Humo ndimo alimofia rais wa kwanza wa Kenya, Mzee Jomo Kenyatta, usiku wa kuamkia Agosti 22, 1978, moyo wake uliposhindwa kuendelea na kazi. Siku iliyotangulia alikuwa Msambweni mbele ya wananchi. Wakazi wa Mji wa Kale, licha ya ujirani wao na Ikulu hiyo, waliisikia tanzia redioni kama Wakenya wengine.

Kamau wa Ngengi alizaliwa Kiambu katika miaka ya 1890; mwaka kamili haukuandikwa popote. Alisoma kwa wamishonari wa Thogoto, akahariri gazeti la Muigwithania mwaka 1928, kisha akaishi Uingereza kwa miaka mingi hadi aliporejea nyumbani mwaka 1946. Oktoba 1952 alikamatwa, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Katika gereza la Lokitaung, kwa sababu ya umri wake, kazi yake ilikuwa kuwapikia wafungwa wenzake.

Mwaka 1961 alihamishiwa Maralal, katika nchi ya Wasamburu. Katika kipindi hicho hicho, daktari A. G. Shaper wa Makerere na wenzake walikuwa wakiichunguza mioyo ya wafugaji hao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1962 yalionyesha kwamba shinikizo la damu halikuwapanda kadiri umri ulivyosonga. Hata hivyo, uchunguzi mwingine wa mwaka 1969 ulibaini kwamba vijana wa Kisamburu waliojiunga na jeshi, wakala posho yenye chumvi nyingi, shinikizo lao lilianza kupanda. Kumbe maradhi haya si ya ukoo pekee. Mazingira na mlo pia huyaleta.

Kenyatta alishika uongozi wa nchi mwaka 1963, umri ukikaribia miaka sabini. Kuanzia mwaka 1966 afya yake ilitetereka, na Mei 1968 akapatwa na kiharusi, maradhi ambayo, sawa na ya moyo, aghalabu hutokana na mishipa ya damu iliyoharibika. Umma haukuelezwa. Mwezi uliofuata, Bunge lilibadilisha Katiba ili makamu wa rais ashike hatamu kwa siku 90 iwapo kiti kingebaki wazi. Oktoba 1976, Mkuu wa Sheria Charles Njonjo alionya kwamba kuwaza kifo cha rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Maradhi ya mzee mmoja yakawa siri ya dola.

Pamoja na hayo, Mzee aliishi miaka kumi baada ya kiharusi hicho. Madaktari walikuwa karibu, na kazi nyingi za kila siku aliwaachia mawaziri. Waama, ugonjwa wa moyo si hukumu ya kifo kwa anayetunzwa vyema.

Raia wa kawaida hana daktari wa Ikulu, lakini yapo aliyonayo. Anaweza kupimwa shinikizo la damu, kwa kuwa aghalabu hupanda bila dalili yoyote. Anaweza kupunguza chumvi, achari na ng'onda, kuacha sigara, kutembea kwa miguu na kumeza dawa alizoandikiwa hata siku anapojihisi mzima. Maumivu ya kifua yanayobana au kuenea mkononi na tayani hayangojewi mpaka asubuhi.

Zaidi ya yote, anaweza kuwaambia watu wa nyumbani kwake. Rais alifichiwa maradhi yake kwa hofu ya waliotamani kiti chake. Baba wa familia anayeficha vidonge chini ya mto anamficha nani, ilhali mkewe na wanawe ndio watakaomkimbiza hospitalini?