BINTI WA MLEVI ALIYEITIKISA CALABAR

Kijana, karatasi hii umepewa bure. Usiitupe wala usiifungie karanga. Isome kwanza mpaka mwisho, maana ndani yake kuna habari za mtu aliyeanzia chini, pengine chini kuliko wewe, lakini Mungu akamchukua akamtumia.

Jina lake ni Mary Slessor. Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1848 katika mji wa Aberdeen, Scotland, kaskazini mwa Uingereza. Usidhani kila Mzungu alizaliwa kwenye nyumba ya maana. Baba yake, Robert, alikuwa fundi viatu, na alikuwa mlevi. Mama yake alikuwa mfumaji wa nguo, mwanamke mcha Mungu. Watoto walikuwa saba, na wengine wao walikufa wakiwa wadogo.

NYUMBA YA MATESO

Pombe ikamfukuzisha baba kazi. Familia ikahamia mji wa Dundee kutafuta riziki, wakakaa mtaa wa watu maskini, wamebanana chumbani. Lakini kuhama mji si kuhama dhambi! Baba akaendelea kunywa kule kule.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumamosi, siku ya mshahara. Mama na Mary walikaa usiku wakimsubiri baba. Walijinyima chakula ili wamwekee yeye. Akija amelewa, anakichukua kile chakula anakitupa motoni! Usiku mwingine alimfukuza Mary nje, binti mdogo, akabaki analia gizani barabarani. Wewe unayesoma, labda unajua ninachosema. Labda na kwenu ni hivyo hivyo.

Mary alipofika miaka 11 akaingizwa kiwandani. Nusu siku mashine, nusu siku shule. Alipofika miaka 14 alikuwa mfanyakazi kamili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, katikati ya vumbi na kelele za mashine za kufuma. Mshahara wote anampa mama, maana ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba. Kitabu alikiegemeza juu ya mashine, akawa anasoma huku mikono inafanya kazi. Hakuwa na nafasi, lakini alijifanyia nafasi.

MOTO WA YULE MAMA MJANE

Msikae mkadhani Mary alizaliwa ameokoka. Alikuwa msichana mtundu, mwenye nywele nyekundu na hasira za haraka. Pale mtaani palikuwa na bibi mmoja mjane aliyewahurumia wasichana wale wa mitaani. Jioni moja ya baridi aliwakusanya nyumbani kwake, moto unawaka. Akawaonyesha ule moto, akawaambia kwamba ukiingiza mkono utaungua sana, na roho isiyotubu inaelekea kwenye moto usiozimika.

Mary hakulala vizuri. Maneno yale yalimfuata mpaka akampa Yesu maisha yake. Lakini sikia jambo moja: alipokua, yeye mwenyewe hakupenda kuwatisha watu kwa moto. Aliwahubiri upendo wa Kristo, maana ndio uliomshika asirudi nyuma. Woga ulimwamsha, upendo ukamtunza.

KIJANA MWENYE RISASI KWENYE KAMBA

Kanisa lake lilifungua huduma katika mtaa mbaya wa Dundee, Mary akajitolea kufundisha. Vijana wa vijiweni hawakutaka. Walirusha matope na kuvuruga mikutano.

Jioni moja kundi likamzunguka njiani. Kiongozi wao alikuwa na kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Akaanza kukizungusha karibu na kichwa cha Mary. Kikawa kinapita karibu, na karibu zaidi, mpaka kikakwaruza paji la uso. Mary hakukimbia, wala hakufumba macho. Alisimama tu anamtazama.

Yule kijana akaishiwa nguvu. Akaiacha risasi ianguke, akawaambia wenzake kwamba huyu dada ni jasiri. Wote wakamfuata mpaka kwenye mkutano, na siku ile ikawa mwanzo wa maisha mapya kwa yule kiongozi. Miaka mingi baadaye, huko porini Afrika, ukutani kwenye nyumba ya Mary ilitundikwa picha ya mwanamume na mke wake na watoto wao. Alikuwa yule yule wa risasi! Alituma picha kama shukrani.

We kijana wa kijiweni, umeona? Mungu hakumchoka yule.

MELI ILIYOJAA POMBE

Mwaka 1873 Dk. Livingstone alifariki katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake waliubeba mwili mpaka Bagamoyo, ukasafirishwa kwenda kuzikwa London mwaka 1874. Habari zile zilitikisa Scotland yote. Mary alikuwa binti wa miaka 25, bado yuko kiwandani. Akaomba kanisa lake la Presbiteri limtume Calabar, ambayo leo iko kusini mashariki mwa Nigeria.

Tarehe 5 Agosti 1876 akapanda meli iitwayo Ethiopia. Akatazama mizigo inayopakiwa: mapipa na mapipa ya pombe, yote yanakwenda Afrika. Fikiria moyo wa binti wa mlevi! Pombe ile ile iliyovunja nyumba yao ndiyo watu wa kwao walikuwa wanaipeleka kwa Waafrika, mapipa chungu nzima, na mhubiri mmoja mmoja tu. Kwa hiyo tusiseme giza lilikuwa Calabar peke yake. Lilikuwa Dundee pia, na lilisafiri kwa meli.

WATOTO WALIOTUPWA

Calabar Mary alijifunza Kiefiki mpaka akakisema kama mzaliwa wa pale. Alikata nywele zake fupi, akatembea peku, akala viazi vikuu na vyakula vya wenyeji, ili sehemu kubwa ya mshahara aitume kwa mama yake. Malaria ilimpiga mara kwa mara.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Mama akizaa mapacha, ilikuwa ni kilio. Watu waliamini mmoja wao ni mtoto wa pepo, na kwa kuwa hakuna anayejua ni yupi, wote wawili waliuawa au walitiwa kwenye chungu na kutupwa msituni. Na mama yao alifukuzwa kama mtu mwenye laana. Hawakufanya hivyo kwa kupenda damu. Walifanya kwa woga, maana woga ni bwana mkali.

Mary hakuishia kuhubiri. Aliingia msituni akawaokota. Kila aliposikia mapacha wamezaliwa, alikwenda mbio, hata usiku, hata kwenye mvua. Wengine aliwakuta wamekwisha kufa. Waliopona aliwalea nyumbani kwake kama wanawe. Mmoja alimwita Janie, jina la mdogo wake mwenyewe, na mwaka 1883 alikwenda naye Scotland, watu wakamwona kwa macho mtoto aliyehukumiwa kufa.

Kisha msiba ukaja. Kabla mwaka 1886 haujaisha, mama yake na wadogo zake wote walikuwa wamekufa. Hakubaki na mtu nyumbani kwao. Mwingine angemlaumu Mungu, angerudi nyuma. Yeye alisema moyoni kwamba sasa hakuna wa kumhofia, akaomba apelekwe mbali zaidi.

OKOYONG

Agosti 1888, akiwa na miaka 39, akahamia Okoyong, mahali ambapo wengi waliogopa kukaa. Wanaume walitembea na silaha. Mtu akishukiwa uchawi alinyweshwa sumu ya maharage iitwayo esere: akifa, ana hatia, akitapika akapona, hana. Mkubwa akifa, watu waliuawa ili wafuatane naye.

Chifu Edem wa Ekenge alimpokea. Dada yake chifu, Ma Eme, akawa rafiki wa kweli. Kukiwa na hatari mahali, Ma Eme alituma mtu na chupa, eti anaomba dawa. Mary akiiona ile chupa alijua kuna jambo, anaondoka haraka. Mwanamke yule wa Kiafrika aliokoa watu wengi kwa siri, na bila yeye kazi isingewezekana.

Ndipo Etim, mtoto wa chifu, akaangukiwa na gogo. Baadaye akafa. Mganga akataja kijiji, watu wakakamatwa, wakafungwa minyororo kungoja sumu. Mary alifanya nini? Aliuvika ule mwili nguo nzuri, kofia na mwavuli, akampa marehemu heshima kubwa mpaka ukoo ukaridhika. Kisha akakaa kuwalinda wale wafungwa usiku na mchana, akipokezana na fundi seremala wa misheni. Alimsihi chifu, alibishana naye, hakuondoka. Mwisho wa yote, mmoja baada ya mwingine wakafunguliwa. Kaburini ilichinjwa ng'ombe tu. Watu walishangaa, maana mazishi ya ukoo wa chifu bila damu ya mtu hawakuwa wameyaona.

Katika miaka hiyo alichumbiwa na mwalimu mmoja wa misheni, Charles Morrison. Wakuu wa misheni wakakataa kumhamishia Okoyong kwa sababu ya afya yake. Mary akatakiwa achague. Alimpenda yule kijana, lakini hakuwaacha wale watoto. Hakuolewa mpaka kufa. Usifikiri haikumuuma.

Mwaka 1892 serikali ya Uingereza ikamfanya hakimu wa Okoyong. Msichana wa kiwandani, hakimu! Alikaa barazani akisikiliza kesi, mara nyingi akiwatetea wanawake na wajane.

Je, makanisa yalijaa mara moja? Hapana. Miaka 15 alikaa Okoyong, na waliobatizwa walikuwa wachache. Lakini mauaji yalipungua, mapacha wakaanza kuishi, sumu ikawa aibu. Kisha akasonga mbele tena, mpaka Itu na vijiji vya ndani zaidi. Akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50 akajifunza kupanda baiskeli ili awahi vijijini. Miguu iliposhindwa, alisukumwa kwenye kigari.

Tarehe 13 Januari 1915 alifariki katika nyumba ya udongo huko Use, akiwa na miaka 66. Waliokuwa kando ya kitanda chake ni mabinti aliowaokota. Mwili ulisafirishwa kwa mto mpaka Calabar, akazikwa kwa heshima ya serikali. Watu walimwita Eka Kpukpru Owo, yaani Mama wa watu wote. Mpaka leo ipo sanamu yake mjini Calabar, amebeba mapacha.

NA WEWE JE?

Kijana, huenda unasema, mimi baba yangu mlevi, shule sikumaliza, kazi sina, nitafaa nini? Mary alikuwa na sababu nyingi kati ya hizo. Tofauti ni kwamba siku moja alimpa Yesu maisha yake, na hakuyadai tena.

Huenda wewe ndiwe yule mwenye risasi kwenye kamba. Unawacheka wahubiri, unajionyesha mbele ya wenzako, lakini ndani umechoka. Bangi haikukupa amani. Gongo haikukupa amani. Hata yule kiongozi wa kundi alihitaji siku moja tu ya kuiacha ile risasi ianguke.

Au labda wewe ni yule mtoto wa kwenye chungu. Watu walishakuhukumu: huyu hafai, huyu ana laana. Sikia basi: Yesu huingia msituni kutafuta waliotupwa. Alikufa kwa ajili yao, akafufuka.

Usingoje mkutano wa mwaka kesho. Hapo ulipo, hata kama ni kijiweni, hata kama ni kitandani usiku, mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe kwamba umetenda dhambi, unatubu, unamkaribisha. Hahitaji Kiswahili kizuri. Kisha usibaki peke yako. Tafuta watu waliookoka karibu na kwenu, waambie, wakuombee na kukufundisha Neno.

Na ukishaokoka, angalia mtaani kwenu. Kuna mtoto ametupwa mahali. Nenda ukamwokote.