Ramón y Cajal: Mwana wa daktari aliyefichua siri ya ubongo

KIANGAZI cha mwaka 1868, katika mkoa wa Aragon nchini Hispania, baba na mwanawe waliingia makaburini kutafuta mifupa ya binadamu. Baba alikuwa daktari na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Kijana, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alitaka kuwa mchoraji. Mifupa ile ndiyo iliyowapatanisha. Kijana aliichora mmoja baada ya mwingine, na taratibu akaanza kuupenda udaktari.

Huyo ndiye Santiago Ramón y Cajal, ambaye wengi humwita baba wa sayansi ya ubongo.

Alizaliwa Mei 1, 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón. Alikuwa mtundu kupindukia. Akiwa na miaka 11 alitiwa ndani kwa kubomoa lango la jirani kwa mzinga aliojitengenezea. Baba yake, Justo Ramón, aliamini kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Alimpeleka mwanawe kufanya kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, ili apate adabu.

Cajal alihitimu udaktari mjini Zaragoza mwaka 1873. Mwaka uliofuata jeshi lilimpeleka Cuba, koloni la Hispania lililokuwa vitani. Malaria ilimdhoofisha, akarejea nyumbani mwaka 1875 akiwa hoi. Kwa fedha alizodunduliza kutokana na mshahara wa jeshi, alinunua hadubini.

Mwaka 1887, mjini Madrid, alionyeshwa njia iliyobuniwa na Camillo Golgi wa Italia ya kutia rangi seli za neva kwa kutumia madini ya fedha. Wakati huo wataalamu wengi, Golgi akiwamo, waliamini kuwa neva zote zimeungana kama wavu mmoja. Cajal aliona kuwa ubongo wa mtu mzima ni kama msitu mnene, na ni vigumu kujua tawi lipi ni la mti upi. Hivyo akachunguza viinitete vya kuku na vichanga vya mamalia, ambao msitu wao bado ni mchanga.

Mwaka 1888, akiwa Barcelona, alithibitisha kuwa kila seli ya neva inajitegemea. Alianzisha jarida lake mwenyewe ili kuchapisha matokeo hayo. Mwaka 1889 alisafiri hadi Berlin na vipande vyake vya ubongo, akawaonyesha mabingwa wa Ujerumani. Mmoja wao, Albert von Kölliker, aliridhika na kuwa mtetezi wake mkubwa.

Jambo la ajabu ni kwamba vipande vile vilikuwa vya viumbe vilivyokufa, lakini Cajal aliona mwendo ndani yake. Mwaka 1890 alieleza ncha ya neva inayokua, ambayo hupapasa njia yake kama kipofu mwenye fimbo. Akilinganisha vichanga vya umri tofauti, alitambua pia kuwa seli changa za ubongo mdogo wa nyuma huzaliwa karibu na uso wa ubongo huo, kisha huhamia ndani.

Mwaka 1906 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Golgi. Katika hotuba yake ya tuzo, Golgi aliendelea kuipinga hoja ya mwenzake.

Hata hivyo, bingwa huyu naye aliacha kizuizi. Katika kitabu chake kikubwa kilichotoka 1913 na 1914, alieleza kuwa njia za neva katika ubongo wa mtu mzima zimekwisha kukamilika na zikifa hazioti tena. Aliongeza kuwa ni kazi ya sayansi ya baadaye kubadili hukumu hiyo, ikiwezekana. Wengi walishika hukumu, wakasahau nyongeza. Miaka ya 1960, Mmarekani Joseph Altman alipoonyesha seli mpya za neva katika ubongo wa panya wakubwa, wengi walimpuuza.

Cajal alifariki Madrid Oktoba 17, 1934. Miongoni mwa michoro aliyoiacha kuna seli ndefu zilizosimama kama nguzo katika ubongo mchanga. Yeye alizichukulia kuwa za kuegemeza tu. Mwaka 1972 Pasko Rakic alionyesha kuwa seli changa hupanda juu kwa kufuata nguzo hizo. Kuanzia mwaka 2001, uchunguzi wa panya ulionyesha kuwa nguzo zenyewe ndizo seli mama. Hujigawa, seli moja hubaki kuwa mama, na nyingine huelekea kuwa neva. Cajal aliwachora mama hao bila kujua kuwa ni wazazi.

Mwaka 1998 watafiti wa Sweden na Marekani waliripoti dalili za neva mpya katika ubongo wa watu wazima. Mwaka 2018 tafiti mbili zilipingana kuhusu suala hilo, na mjadala unaendelea. Kwa waliopooza kutokana na kiharusi au ajali ya uti wa mgongo, jibu lake si la vitabuni tu. Kazi ambayo Cajal aliiachia sayansi ya baadaye bado haijakamilika.