Kristian Birkeland na Mianga ya Kaskazini

Sisi tulio Isaka, digrii 4 hivi kusini mwa Ikweta, hatuioni mianga ya kaskazini. Tuifundisheje basi? Maisha ya Kristian Birkeland yatujibu.

Alizaliwa Norwe mwaka 1867. Mwishoni mwa 1899 alikaa juu ya mlima Haldde, katika baridi kali, akiichunguza mianga hiyo, ambayo huonekana karibu na ncha ya dunia katika usiku wa giza kati ya Septemba na Machi. Kisha alitengeneza dunia ndogo: tufe lenye sumaku, ndani ya chombo cha kioo kilichoondolewa hewa. Alipolirushia elektroni, nuru ilizuka kuzunguka ncha zake. Akasadiki kwamba chembe za umeme hutoka juani, zikaongozwa na usumaku wa dunia, zikagonga hewa ya juu. Wengi walimpinga. Alifariki Tokyo mwaka 1917. Vyombo vya angani vilithibitisha mengi ya mawazo yake miaka ya 1960 na 1970.

Walimu wenzetu, tusingoje vifaa vya ghali. Tunyunyize unga wa chuma juu ya karatasi iliyofunika sumaku: mistari itasongamana nchani, na mwanafunzi atatambua mwenyewe kwa nini nuru huzuka huko, wala si kwetu.