Bi. Lotte Reiniger: Mkasi, Karatasi Nyeusi na Mwanga

 

Katika safu yetu ya maisha ya watu mashuhuri, mara hii tunamleta Bi. Lotte Reiniger, mtengenezaji wa filamu za katuni aliyefariki mwaka 1981. Alikuwa Mjerumani, si mtu wa kwetu. Lakini filamu iliyompatia sifa ilitokana na visa vya Alfu Lela Ulela, kitabu ambacho babu na bibi zetu wengi walikisoma kwa Kiswahili wakiwa shuleni. Tena yeye naye alionja maisha ya ugenini, na kwa miaka mingi makao yake yalikuwa hapa hapa London, upande wa New Barnet.

Mtoto na mkasi wake

Lotte alizaliwa Berlin tarehe 2 Juni 1899. Tangu utotoni mkono wake ulikuwa mwepesi kwa mkasi. Alikata sura za watu na wanyama katika karatasi nyeusi bila hata kuzichora kwanza, akajitengenezea jukwaa dogo la vivuli nyumbani na kuwaonyesha jamaa zake michezo. Sanaa ya vivuli ni ya zamani sana. Wachina wanayo, watu wa Java wanayo, na Waturuki wana mcheshi wao wa vivuli aitwaye Karagöz. Jina hilo ndilo asili ya neno letu kikaragosi.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, alihudhuria mhadhara wa Paul Wegener, mwigizaji mashuhuri wa Ujerumani, kuhusu maajabu yanayoweza kufanywa kwa filamu. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Aliwabembeleza wazazi wake wamwandikishe katika shule ya uigizaji ya Max Reinhardt. Huko hakupata nafasi kubwa jukwaani, basi akawa anasimama pembeni akikata sura za waigizaji kwa mkasi. Wegener akaziona, akazipenda, akampa kazi ya kutengeneza vibao vya maandishi katika filamu zake.

Mwaka 1918 Wegener alikuwa akitengeneza filamu juu ya mpiga filimbi aliyewatoa panya mjini Hamelin. Wanyama hai hawakukubali kufuata amri ya mtu. Ikabidi watengenezwe panya wa mbao, na Lotte akawa miongoni mwa waliowasogeza kidogo kidogo, kila hatua ikipigwa picha yake. Picha zilipopitishwa kwa haraka, panya wale wa mbao walitembea. Mwaka uliofuata, 1919, alitoa filamu fupi yake mwenyewe ya vivuli. Mwaka 1921 aliolewa na Carl Koch, aliyekuwa akifanya kazi naye. Tangu hapo mke alikata na kusogeza, na mume alishika kamera na kuangalia mambo ya ufundi.

Darini juu ya gereji

Mwaka 1923 Ujerumani ilikuwa katika mfumuko wa bei usio na kifani. Fedha ya asubuhi ilikuwa haina thamani jioni. Mwenye benki mmoja, Louis Hagen, alikuwa amenunua shehena ya filamu mbichi ili mali yake isipotee bure. Akamwuliza Lotte kama angeweza kutengeneza filamu ndefu ya vivuli. Wakati ule filamu za katuni zilikuwa vichekesho vya dakika chache tu, na wengi hawakuamini kwamba watazamaji wangeweza kukaa saa nzima wakitazama karatasi. Lotte alikubali. Studio ikawekwa darini, juu ya gereji ya Hagen huko Potsdam, nje kidogo ya Berlin.

Kazi ilikwenda hivi. Kila kikaragosi kilikatwa katika kadibodi nyeusi na vipande vyembamba vya madini ya risasi, halafu viungo vyake vikafungwa kwa waya ili shingo, kiwiko na goti viweze kukunjika. Vikaragosi vililazwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na kamera ilitundikwa juu ikitazama chini. Lotte akasogeza mkono wa kikaragosi kidogo tu, picha moja ikapigwa. Akasogeza tena, ikapigwa nyingine. Saa nzima ya kuinama juu ya meza iliweza kuzaa sekunde chache tu za filamu. Yeye na wenzake wachache walifanya hivyo kwa miaka mitatu. Walipiga picha zaidi ya 200,000, na zilizoingia katika filamu yenyewe hazikufika nusu.

Filamu hiyo, Safari za Mwanamfalme Achmed, ilionyeshwa kwanza Berlin mwezi Mei 1926. Ina urefu wa dakika 65 hivi. Ndani yake yumo farasi anayepaa, yumo Aladini na taa yake, na wamo mchawi na ajuza wanaopigana huku wakijigeuza wanyama wa kila namna. Ni filamu ndefu ya katuni ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani. Ile ya Walt Disney juu ya Snow White ilikuja mwaka 1937, miaka 11 baadaye, na nyuma yake ilikuwapo kampuni yenye mamia ya wafanyakazi. Bi. Lotte alikuwa na dari, meza, mkasi na marafiki.

Jambo la kuzungumza na watoto

Mkiitazama filamu hii nyumbani, mtoto wenu anaweza kuuliza swali, na ni vizuri mzazi awe tayari. Adui katika filamu anaitwa Mchawi wa Kiafrika. Katika kisa cha Aladini tangu zamani mchawi hutoka Maghribi, yaani Afrika ya Kaskazini, na Lotte aliichukua habari hiyo jinsi ilivyosimuliwa Ulaya. Lakini tazameni: katika filamu ya vivuli kila mtu ni mweusi, hata mwanamfalme na binti mfalme. Basi ubaya wa mchawi umeonyeshwa kwa kuupinda mwili wake na kuuharibu uso. Watu wa China nao wamechorwa kwa dhihaka. Hayo ni macho ya Ulaya ya wakati ule, na hatuna sababu ya kuyafumbia macho kwa kuwa kazi ni nzuri. Tusiifiche filamu, tuitazame pamoja na watoto na tuyaseme haya.

Na kuna jambo jingine ambalo Lotte pengine hakulifikiria. Achmed anampata mpenzi wake Peri Banu katika visiwa vya Wakwak. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa karne ya 10, alizitaja nchi za Sofala na Wakwak kuwa mwisho wa bahari ya Zanji, yaani bahari yetu ya Afrika Mashariki. Hivyo kisiwa cha maajabu katika hadithi kiliwahi kudhaniwa kuwa jirani na pwani yetu.

Miaka ya kuhamahama

Wanazi walishika utawala mwaka 1933. Lotte na Carl hawakuwaunga mkono, na marafiki zao wengi walikuwa Wayahudi. Mwaka 1935 waliamua kuondoka. Ila hakuna nchi iliyowapa ruhusa ya kukaa moja kwa moja. Walikwenda Uingereza, Ufaransa na Italia, wakikaa mpaka viza inakwisha, kisha wanafunga mizigo tena. Kuna nyakati mume alikuwa nchi moja na mke nchi nyingine. Wazazi wengi wanaosoma jarida hili wanajua bila kuelezwa maana ya kuhesabu siku zilizobaki katika pasipoti.

Hata hivyo kazi haikusimama. Vifaa vyake vilikuwa vidogo, na ufundi wenyewe ulikuwa vidoleni. Alitengeneza filamu fupi kwa ajili ya posta ya Uingereza. Rafiki yao Jean Renoir, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alimpa kipande cha vivuli katika filamu yake ya mwaka 1938. Vita vikiwa vimepamba moto, Lotte na mumewe walirudi Berlin kumwuguza mama yake mzazi. Walirudi katika mji unaopigwa mabomu, chini ya utawala walioukimbia, na kufanya kazi humo chini ya masharti yake. Katika maangamizi hayo nakala asili ya Mwanamfalme Achmed iliteketea.

London na mwisho wa safari

Mwaka 1949 walihamia London. Huko alikutana tena na nyumba ya Hagen. Mtoto wa yule mwenye benki, aliyeitwa pia Louis, alikuwa amefungwa na Wanazi akiwa bado kijana, akapona, akakimbilia Uingereza. Mtoto huyo ambaye dari la kwao lilikuwa studio ya Lotte, sasa akawa mshirika wake. Mwaka 1953 walianzisha kampuni ndogo, wakatoa filamu nyingi fupi za hadithi za watoto kwa ajili ya televisheni. Mojawapo, juu ya fundi cherehani shujaa, ilipata tuzo Venice mwaka 1955.

Carl alifariki mwaka 1963, na Lotte akaacha filamu kwa muda. Lakini uzeeni Ujerumani ilimkumbuka na kumtunuku nishani, na Kanada ikamwalika kutengeneza filamu nyingine akiwa na zaidi ya miaka 70. Alifariki karibu na Tübingen, Ujerumani, tarehe 19 Juni 1981.

Na ile filamu iliyoteketea? Nakala moja yenye rangi zake ilikuwa imehifadhiwa London. Kutokana na hiyo, wataalamu wa Frankfurt waliitengeneza upya miaka ya mwisho ya tisini, na ndiyo tunayoitazama leo. Nyumbani ilipotea, ugenini ikatunzwa. Kwa shule kama yetu, ambayo kazi yake ni kuitunza lugha mbali na kwao, habari hiyo inatia moyo.

Mazungumzo ya nyumbani

1. Kwa nini Bi. Lotte aliweza kuendelea na kazi kila alipohama?
2. Mchawi wa filamu angechorwa vipi na mtu wa pwani yetu?
3. Kata kikaragosi kimoja cha hadithi uliyosimuliwa na bibi au babu. Njoo nacho Jumamosi. Tochi na shuka nyeupe vitakuwa tayari darasani.