SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI NA KALAMU YA BABA YAKE BABU

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika toleo hili nimeonelea nieleze maisha ya mtu wa hapa hapa kwetu Mvita, ambaye jina lake twalisikia kila uchao, lakini ukiuliza alifanya nini hasa, wengi wetu hubaki kukodoa macho tu. Mtu huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Na sababu ya kumwandika yeye, si mwengine, ni kalamu.

Kalamu yenyewe ni ya wino, nyeusi, ina kifuniko cha rangi ya fedha. Ilikuwa ya baba yake babu, aliyekuwa karani bandarini Kilindini. Kutoka kwake ikaja kwa babu, na babu alipofariki nikaachiwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimsomea barua na magazeti macho yake yalipoisha nguvu. Sasa nyumbani kwetu Mji wa Kale kuna hadithi moja juu ya kalamu hii. Wanasema ati ndiyo iliyoandika gazeti la Al-Islah, na kwamba baba yake babu alipewa na Sheikh Al-Amin kwa mkono wake. Hadithi hiyo imesimuliwa kila Idi mpaka imekuwa kama sehemu ya pilau.

Hadithi haikuwa na madhara mpaka ami yangu alipopata mnunuzi. Bwana huyo alikuwa tayari kutoa pesa nyingi, mradi apewe na karatasi iliyotiwa sahihi na watu wa nyumba yetu kuthibitisha kwamba kalamu ni ya Sheikh. Ami akaona heri imeshuka, manake paa la nyumba linavuja na karo hazijalipwa. Bibi akakataa katakata kutia sahihi. Nyumba ikagawanyika pande mbili, watu wakawa wanakula pamoja bila ya kusemezana. Mimi nikaona hapa hapana haja ya kugombana. Hebu tuijue kwanza kalamu ni ya mwaka gani, kisha tuilinganishe na miaka ya Sheikh. Kwa hivyo ikanibidi nisome maisha mawili, ya mtu na ya kalamu.

Tuanze na mtu.

Sheikh Al-Amin alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake wa Mazrui ndio uliokuwa ukitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji pamoja na Ngome. Yeye basi alizaliwa miaka 54 baada ya utawala kuwatoka. Lakini elimu haikuwatoka. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa pwani hii. Kwa bahati mbaya baba huyo alifariki mwaka 1894, na mwanawe akabaki yatima ilhali ndio kwanza yuko miaka mitatu.

Yatima huyo hakutupwa. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Alisoma pia kwa masheikh wakubwa wa Unguja, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Wakati huo huo alikuwa akiagizia gazeti la Al-Manar kutoka Misri, lililokuwa likitolewa na Rashid Rida, mwanafunzi wa Muhammad Abduh. Humo ndimo alimokuta fikra kwamba Waislamu wamerudi nyuma kwa sababu ya kuacha elimu na kufuata mazoea, na kwamba dawa yake ni kusoma na kujirekebisha.

Ukitazama aliyoyaona kwa macho yake tangu utotoni utafahamu kwa nini fikra hizo zilimwingia. Mwaka 1895, akiwa na miaka minne, Waingereza walitangaza himaya yao. Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka hapa Mombasa, na kufikia 1901 garimoshi lilikuwa limefika ziwani. Biashara ikabadilika, kazi zikabadilika, na kijana aliyetaka ukarani akatakiwa ajue Kiingereza na hesabu za kizungu. Watu wa mji wetu wengi walibaki kusimulia ukubwa wa mababu. Yeye hakuridhika na masimulizi.

Mwaka 1928 kulifanywa mkutano hapa Mombasa, ukaamua kwamba Kiswahili kitakachosanifiwa kwa skuli na vitabu kitokane na Kiunguja, si Kimvita chetu. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi yake, kwa herufi za Kirumi. Mwaka huo huo wa 1930 Sheikh Al-Amin akatoa karatasi yake iliyoitwa As-Sahifa. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili cha Mombasa, kwa herufi za Kiarabu, na ikatembea mjini mkono kwa mkono. Fikirini, wenzangu. Mwanachuoni wa kiwango chake angeweza kuandika kwa Kiarabu peke yake, akasomwa na wanachuoni wenzake na kusifiwa. Lakini muuza samaki wa Marikiti na mama wa Kibokoni wangefaidika nini? Yeye aliwataka hao. Mtu aliyesoma chuoni tu alikuwa anazijua herufi hizo, na lugha ilikuwa ya nyumbani kwake.

Humo ndani hakuwabembeleza watu. Aliwakemea kwa kupoteza mali katika arusi na sherehe hali watoto hawasomeshwi. Aliwahimiza wasomeshe watoto wa kiume na wa kike. Aliwacheka wale walioiga Wazungu kwa mavazi na ulevi, wakayaacha yale mazuri ya Wazungu kama bidii, umoja na kutafuta elimu. Pia aliyapinga mambo yaliyoingizwa katika dini bila asili, jambo lililomletea wapinzani si haba.

Mwezi wa Februari 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, maana yake ni kutengeneza au kurekebisha, likiwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Gazeti hili halikudumu muda mrefu. Mwaka huo huo wa 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtu aliyekuwa akiikosoa jamii kutoka nje sasa akawa amekaa ndani, anaamua kesi za ndoa, talaka na mirathi. Hata hivyo maandishi yake hayakuzikwa. Mwaka 1944 makala ya As-Sahifa yalikusanywa yakatolewa kitabu kinachoitwa Uwongozi, na mwaka 2017 kitabu hicho kikachapishwa tena Ulaya, Kiswahili upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Aliandika pia kwa Kiarabu tarikhi ya ukoo wake wa Mazrui, iliyochapishwa pamoja na tafsiri yake mwaka 1995.

Alifariki mwaka 1947. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye akaja kuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru wa 1963. Mwanawe Ali alizaliwa 1933, akaachwa na miaka 14, akawa yule Profesa Ali Mazrui aliyefundisha Makerere na Marekani. Profesa alifariki Marekani mwaka 2014, akarudishwa Mombasa akazikwa makaburi ya Mazrui karibu na Ngome. Wengi wetu twapita hapo tukienda zetu bila hata kugeuza shingo.

Haya, sasa tuje kwenye kalamu.

Nilichukua kioo cha kukuzia na tochi, nikaipangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Maji ya moto hayafai, yaweza kuiharibu plastiki. Kwanza nilitazama ncha. Kalamu nyingi za zamani zina nibu iliyo wazi, lakini hii imefunikwa, yatokeza ncha ndogo tu kama mdomo wa kasa. Kibanio cha kifuniko kina umbo la mshale. Karibu na pete ya katikati kuna maandishi yaliyofifia: jina la Parker, namba 51, na kwamba imetengenezwa Marekani. Kando yake kuna tarakimu moja pekee, 6.

Kampuni ya Parker ya mji wa Janesville ilikuwa ikitia tarakimu ya mwisho ya mwaka kwenye kalamu zake. Sita basi yaweza kuwa 1936, 1946 au 1956. Hapa ndipo wengi hukwama, au huchagua mwaka wanaoupenda. Lakini kalamu yenyewe husema. Parker 51 ilipewa namba hiyo kwa sababu mwaka 1939 kampuni ilitimiza miaka 51, na iliingia madukani Marekani mwaka 1941. Mwaka 1936 basi haumo. Tukabakiwa na miwili.

Nikafungua kifuniko kidogo cha nyuma. Ndani mna kijiti cha kubonyeza. Ukiichovya kalamu katika wino ukabonyeza mara kadhaa, utando wa mpira ulio ndani huvuta wino ukajaza tumbo zima. Mtindo huu uliachwa kwenye Parker 51 mwaka 1948, ukaja mwengine wa kufungua kalamu katikati na kuminya kifuko kilicho ndani ya bomba la chuma. Yetu ina kijiti. Kwa hivyo 1956 nao haumo. Limebaki jibu moja, 1946.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. As-Sahifa ilianza 1930. Al-Islah lilianza 1932. Uwongozi ulitoka 1944. Kalamu ilitengenezwa 1946, tena ng'ambo ya bahari, na ilikuwa bado haijapakiwa merikebuni. Kalamu haiwezi kuandika gazeti lililotoka miaka kumi na minne kabla haijazaliwa. Kama mwanafunzi wa darasa la tatu aliweza kutoa 1932 katika 1946, basi mnunuzi yeyote mwenye kujua kalamu angeweza, na sahihi zetu zingekuwa ushahidi wa uwongo juu ya mtu aliyekuwa kadhi. Njia ya mwongo ni fupi.

Niliwaeleza nyumbani baada ya Isha, kalamu ikiwa juu ya meza na hesabu zikiwa kwenye karatasi. Ami alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama haiwezekani Sheikh kuinunua mwaka ule wa mwisho akampa babu mkubwa. Nikamjibu kwamba miaka yaruhusu, lakini kuruhusu si kuthibitisha, na chumani hapakuandikwa jina la mtu. Hapo ndipo bibi alipofungua kinywa. Alisema mavyaa yake, yaani mke wa huyo karani, alimwambia alipoolewa nyumba hii kwamba kalamu ilinunuliwa dukani kwa mshahara, na kwamba mumewe aliweka akiba miezi mingi, akaacha hata kunywa kahawa barazani. Miaka yote bibi ameisikia hadithi ya Sheikh ikisimuliwa akanyamaza, kwa kuwa wanaume waliipenda.

Nawaambia kweli, maneno hayo yalinigusa kuliko bei yoyote. Kumbe ile hadithi tuliyodhani yatupa heshima ilikuwa imemfuta mtu. Baba yake babu, karani aliyejinyima ili apate chombo cha kuandikia, alikuwa amegeuzwa kuwa mtu wa kupokea zawadi tu. Na kama kuna jambo Sheikh Al-Amin alilolipigania katika maandishi yake, ni watu wa mji huu kusoma, kufanya kazi na kuacha kujigamba kwa ya wengine. Karani yule alimfuata Sheikh kwa vitendo, hata kama hawakuwahi kupeana mkono.

Ami alimrudia mnunuzi akamwambia ukweli. Bei ikashuka mpaka ikawa haina maana, na kalamu ikabaki. Paa tunalitengeneza kidogo kidogo. Nami nimeandika karatasi nikaitia ndani ya kijaluba chake: Parker 51, Janesville, 1946, imenunuliwa kwa mshahara wa karani wa Kilindini. Jina lake lipo pia, ila hapa nalihifadhi.

Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu za Mji wa Kale mna saa, mabuli, misahafu, mikebe na kalamu zisizo na daftari. Kabla wazee hawajatutoka, waulizeni zilipatikanaje, tena waulizeni akina bibi. Kisha tafuteni alama kwenye kitu chenyewe mlinganishe. Andikeni mwaka, muweke ndani. Na mkipita karibu na Ngome, mkumbukeni mtu aliyeandika kwa lugha yetu ili sisi tusome. Wakatabahu.